Umeshapungua. Sasa Ule Nini?

Swali hili linanifikia kila wiki kwa sura mbalimbali. "Nimefika kilo nilizokuwa nazitaka, sasa naruhusiwa kula ugali?" "Niliacha dayati Jumatatu, leo Ijumaa kilo mbili zimerudi, ndiyo nimeshaharibu?" "Hii ni mara ya tatu napungua na kunenepa, kuna haja tena?" Wanaoniandikia hawaniulizi namna ya kupungua. Hilo wameshaliweza, kila mmoja kwa njia yake. Wanataka kujua kesho yake waamke wale nini.

Jibu langu la mkato: rudi kwenye chungu cha nyumbani, lakini rudi polepole, na upakue mwenyewe. Aliyepungua kwa kujipikia kisufuria chake pembeni, huku wenzake wanakula wali na maharage, hawezi kuishi na sufuria mbili maisha yake yote. Siku atakayochoka na kisufuria, na atachoka, atarudi kwenye chungu kikubwa kwa mkono uleule wa zamani. Kinachofuata hapa ni namna ya kurudi bila kurudisha kilo.

Makala haya hayakuhusu kama:

- una mimba au unanyonyesha;
- hujatimiza miaka 18;
- umepungua bila kukusudia.

Huyo wa tatu aende hospitali wiki hii. Kupungua bila sababu kunaweza kuwa dalili ya kifua kikuu, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo na mengine, na hakuna mpango wa chakula utakaotibu hayo.

## Mambo mawili, kisha tuingie jikoni

La kwanza: mwili mdogo unatumia kidogo. Kwa kila kilo uliyopunguza, mwili unatumia takriban kalori 20 hadi 30 pungufu kwa siku. Aliyeshusha kilo 15 anahitaji basi kalori 300 hadi 450 pungufu ya zamani, kila siku ya Mungu. Hiyo ni chapati moja nzito ya mafuta, pengine moja na nusu. Sahani iliyokutosha ukiwa na kilo 90 itakunenepesha ukiwa na 75. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimerudi kula kama kawaida", nashtuka, maana kawaida ile ilikuwa ya mtu wa kilo 90.

La pili: njaa haiondoki kwa sababu umefika. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walitangaza matokeo ya kundi la watu wanene waliopunguzwa uzito kwa dayati kali ya wiki kumi. Mwaka mzima baadaye homoni za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa kabla ya dayati, na wenyewe walikuwa bado wanahisi njaa zaidi ya mwanzo. Kwa hiyo ukisikia njaa mwezi wa tano, usijione mlafi. Ipangie chakula kinachokaa tumboni, tutakifikia.

## Wakati wa kuacha kupunguza umefika?

Wengi wanasubiri namba moja tu waliyoiandika ukutani. Namba si alama pekee. Acha kupunguza, uanze kutunza, ukiona lolote kati ya haya:

- Umefika uzito uliokubaliana na daktari wako.
- Mizani haijasogea kwa miezi miwili na umechoka.
- Nywele zinanyonyoka kwa wingi, unasikia baridi wakati wenzako wanajipepea, unalala kwa shida.
- Hedhi imekosekana miezi mitatu. Hili nenda nalo hospitali pia.
- Umebakiza kilo chache, lakini mbele yako kuna uhamisho, mtihani au mgonjwa wa kuuguza.

"Lakini sijafika!" Najua. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito tayari kunasaidia presha na sukari kwa watu wengi. Mtu aliyetoka kilo 95 akafika 87, akakaa na hizo 87 mwaka mzima, mimi namhesabu kuwa amefanya kazi kubwa kuliko aliyeigusa 75 wiki moja akarudi 98. Pumzika hapo ulipo. Ukitaka kushuka tena, utashuka baada ya miezi kadhaa ukiwa na nguvu.

## Zile kilo mbili za Ijumaa

Sasa nimjibu yule wa Jumatatu hadi Ijumaa. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inakaa na maji yapata gramu tatu. Ulipoacha ugali na wali, akiba iliisha na maji yakatoka, ndiyo maana wiki ya kwanza ya dayati ulishuka haraka ukafurahi. Ukirudisha wanga, maji yanarudi. Kilo moja au mbili ndani ya siku chache ni jambo la kutarajia, hasa kama uliacha wanga kabisa, na chumvi ya chakula cha mgahawani inaongeza.

Kama unabisha, piga hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700. Ili uongeze kilo mbili za mafuta kwa siku nne, ungetakiwa kula kalori zaidi ya 15,000 juu ya mahitaji yako. Hukula hizo, hata kama palikuwa na pilau.

Kosa linalofuata ndilo linaloharibu. Mtu anaona zile kilo mbili, anakata tamaa, anasema "basi, mwili wangu ndivyo ulivyo", anakula bila mpaka. Ndipo mafuta yenyewe yanapoingia. Mwingine anakimbilia njaa ya siku tatu, maji yanatoka, anakula, maji yanarudi, na mchezo huo unaendelea mpaka Krismasi.

## Mstari wa mizani

Baada ya wiki mbili za kula wanga tena, uzito utatulia. Hapo ndipo upime na kuweka mstari wako: uzito huo, ongeza kilo mbili. Ukiwa chini ya mstari, endelea na maisha. Ukiuvuka, kuna kazi ya kufanya, nimeieleza huko mbele.

Namna ya kupima:

1. Mizani moja tu, mahali pamoja, sakafu ngumu.
2. Asubuhi, baada ya kwenda haja, kabla ya chai, nguo nyepesi.
3. Mara moja au mbili kwa wiki. Anayeweza kupima kila siku bila kununa apime, aangalie wastani wa wiki.
4. Andika kwenye daftari au simu. Kichwa kinasahau namba mbaya.
5. Akina mama, linganisheni wiki na wiki inayofanana nayo ya mwezi uliopita. Siku za kabla ya hedhi maji huongezeka.

Hamna mizani nyumbani? Tumia utepe wa fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu, tumbo usilibane. Au chagua suruali moja ya kitambaa kisichovutika iwe shahidi wako. Dera halifai kazi hii. Litakukubali ukiwa na kilo 60 na ukiwa na 90. Wale vijana wa mizani wa stendi nao wanafaa, ila mwendee huyohuyo, saa ileile, viatu vimevuliwa na simu imetoka mfukoni. Tazama pia alipoiweka: wengine wanaitandikia kipande cha boksi juu ya mchanga, na mizani ya nyumbani ikikaa juu ya kitu laini husema uongo. Mpe hela yake, umwombe aisogeze kwenye saruji.

Marekani kuna rejista iliyoanzishwa mwaka 1994 ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka au zaidi. Robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki. Sisemi mizani ndiyo iliyowashikilia, lakini ongezeko la kilo moja na nusu ni rahisi kulirekebisha, na la kilo tisa mnalijua wenyewe. Kama mizani inakuliza au inakufanya uruke milo, iache, tumia suruali.

## Rudisha chakula kimoja kimoja

Usirudishe ugali, chapati, soda na maandazi wiki moja. Ukiongezeka hutajua aliyekuongeza.

1. Wiki ya kwanza na ya pili: ongeza kitu kimoja katika mlo mmoja. Mfano, ugali wa mchana, kiasi cha ngumi yako.
2. Wiki ya tatu na ya nne: uzito ukiwa umetulia, ongeza kingine katika mlo mwingine. Viazi vitamu viwili vidogo asubuhi, kwa mfano.
3. Endelea hivyo mpaka uzito ukae palepale wiki nne bila kushuka wala kupanda. Hapo umefika kwenye kipimo chako. Usiongeze tena.

Utaratibu wangu wa kipi kianze:

- Kwanza: vinavyoshibisha. Mihogo na viazi vya kuchemsha, maharage, choroko, ndizi za kupika, ugali wa dona.
- Halafu: wali na ugali wa sembe.
- Mwisho: chapati, maandazi, vitumbua. Hivi virudi kama vitu vya siku fulani. Ukivirudisha kama chai ya kila asubuhi, vitakaa.
- Visirudi: soda na juisi za boksi. Soda ya chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kuwa na sukari gramu 50 na zaidi, yaani vijiko vya chai zaidi ya kumi, na ukimaliza una njaa ileile.

"Si tuliambiwa ugali ni sumu?" Mliambiwa na nani? Ugali ni unga na maji. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina takriban kalori 350. Gramu 100 za mafuta ya kupikia zina kalori 900. Kilichowanenepesha wengi ni ukubwa wa tonge na mchuzi ulioelea mafuta. Mwenye kisukari ndiye anayepaswa kupanga kiasi chake cha wanga na mtoa huduma wake, wala asifuate ngumi yangu.

Onyo moja la bajeti. Watu wakirudisha ugali hupunguza kitoweo, maana tumbo limeshajaa na fedha imebana. Usifanye hivyo. Yai, dagaa, samaki, maharage, mtindi: kimojawapo kiwepo kila mlo, kwa sababu ndivyo vinavyolinda misuli na kusogeza mbele ile njaa niliyoisema. Dagaa na maharage bado ni nafuu kuliko nyama karibu kila soko.

## Chungu kimoja, upawa wako

Anza na mafuta. Usibishane na mtu jikoni. Chukua kalamu, andika tarehe kwenye chupa ya lita moja siku inapofunguliwa, kisha subiri iishe. Lita moja ya mafuta ina kalori 8,000 na ushei. Nyumba ya watu watano inayoimaliza kwa siku tano inampa kila mtu kalori 330 za mafuta kwa siku, kabla hujahesabu nazi wala karanga. Mkiifikisha siku nane, kila mmoja amepunguza zaidi ya kalori 100 kwa siku na hakuna aliyenyimwa tonge. Nalipenda zoezi hili kwa sababu halimgusi mtu sahani yake, na mwenye kutunza bajeti atakuunga mkono kabla hujamaliza kueleza.

Mafuta yanapungua hivi:

- Pima kwa kijiko cha chakula. Kijiko kimoja ni kalori 120. Kumimina kutoka kwenye dumu hakuna anayejua kiasi, hata mmiminaji.
- Kaanga kitunguu moto mdogo, funika, kikianza kushika ongeza maji kidogo au nyanya badala ya mafuta.
- Mboga za nazi zipikwe kwa tui la pili, tui zito liingie mwishoni na liwe kidogo. Wapishi wazuri wa Pwani wanajua utamu unabaki.
- Samaki akishakaangwa, asirudishwe kwenye mchuzi uliokaangwa nao.

Anayepika akiwa mama mkwe, usimwambie mchuzi una mafuta mengi. Mwambie, "Mama, leo kitunguu niachie mimi nikaange." Akiwa dada wa kazi, usimwambie "weka mafuta kidogo", kidogo yake na yako ni tofauti, mpe kijiko, mwonyeshe viwili, basi. Akiwa mume wako ndiye anayeleta chipsi usiku, zungumzeni mchana, siyo wakati mfuko umeshafunguliwa na harufu imetanda.

Kupakua kuna utaratibu wake. Mboga kwanza, nusu ya sahani. Kitoweo kifuate, robo. Ugali au wali uingie mwisho kwenye nafasi iliyobaki. Ukianza na wali, mboga itakuwa pambo. Kwenye sinia la pamoja kazi ni ngumu zaidi, maana mkono unafuata mikono ya wenzako. Ukiweza, pakua pembeni kwenye sahani yako. Usipoweza, kaa na upande wako tu, anza na kachumbari na kitoweo, na upande wako ukiisha sema alhamdulillahi, unyanyuke ukanawe. Anayebaki kukaa ataendelea kumega.

Na mabaki ya watoto yasiwe yako. Yafunike, wayakute jioni.

## Makosa ninayoyaona kila mara

- Siku ya kujizawadia. Jumatatu hadi Jumamosi mtu anajibana, Jumapili anakula kama amefunguliwa jela. Jumapili moja inaweza kufuta akiba ya wiki. Gawa hiyo zawadi: andazi Jumanne, chapati Ijumaa, pilau Jumapili.
- Chai. Vikombe vinne kwa siku, sukari vijiko vitatu kila kimoja, ni vijiko kumi na viwili, karibu kalori 240. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi hauwezi kugombana na nusu kijiko.
- Mazoezi kuwa ruhusa. Kutembea saa nzima kunachoma kalori 200 hadi 300 kwa watu wengi. Sahani ya chipsi mayai inazipita hizo kwa mbali. Tembea, lakini usilipane kwa chipsi.
- Kuruka chai ya asubuhi na chakula cha mchana, kisha kula kuanzia saa mbili usiku mpaka kulala. Kuna wanaoweza kula mara mbili kwa siku wakakaa sawa. Kama wewe si wao, unajijua.
- Chai za kukata tumbo. Nyingi ni za kuharisha. Zinatoa maji na choo, mafuta hayatoki. Zikitumiwa mfululizo zinavuruga madini ya damu, na utumbo unazizoea.
- Vya mkononi. Karanga za kwenye karatasi, kashata, bisi, kuonja mchuzi mara sita. Havikai kwenye sahani, kwa hiyo haviingii kwenye hesabu ya mtu yeyote.

## Mwendo

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Wanaotunza uzito mara nyingi huenda juu ya hapo. Wengi wa ile rejista ya Marekani hufanya saa moja kwa siku kwa wastani. Isikutishe. Shuka daladala vituo viwili kabla, asubuhi na jioni, na sehemu kubwa imepatikana.

Kilichosahaulika ni misuli. Ukipungua, sehemu ya kilo ulizopoteza ni misuli. Irudishe: kaa kwenye kiti na kusimama bila kushika, mara kumi, pumzika, rudia mara tatu, sukuma ukuta, ukizoea sukuma meza, kisha sakafu, beba ndoo mbili za maji zilizosawazishwa. Magoti yakiuma, anza na ukuta.

## Harusi, Ramadhani na Desemba

Harusini tatizo ni saa. Kadi imeandikwa saa kumi na mbili, chakula kinatoka saa nne usiku, na wewe hujala tangu mchana "ili uwe na nafasi". Juu ya hayo umeshachanga, unataka mchango wako urudi kwa pilau. Kula kitu nyumbani saa kumi na moja: yai, maharage, mboga. Ukifika kwenye foleni, tazama meza yote kabla ya kushika sahani, kisha chagua mzito mmoja: pilau, au ndizi, au chipsi. Anayepakua mwambie, "Kidogo dada, nitarudi." Ukirudi ni sawa. Wengi hawarudi, muziki unakuwa umeshaanza.

Ramadhani watu hufunga wakitegemea kupungua, Idd inawakuta wameongezeka. Saumu haina kosa. Ni futari: viazi vya nazi, mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati, sambusa, juisi, halafu saa tatu wali. Ninachowashauri:

- Fungua kwa tende na maji, ukaswali Magharibi, urudi mezani. Dakika hizo zinapunguza pupa.
- Cha nazi kiwe kimoja kwa jioni. Vitamu navyo: leo kaimati, kesho tambi.
- Tunda liliwe. Juisi ya matunda manne ni matunda manne, na aghalabu imeongezwa sukari.
- Daku usiiruke. Ugali wa dona, maharage au mtindi vitakufikisha mbali kuliko chai na mkate.
- Namba za mizani za mwezi huu zilinganishe zenyewe kwa zenyewe, maana maji ya mwili yanayumba.

Mwenye kutumia dawa za sukari aonane na daktari wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama.

Desemba ni kwenda nyumbani. Ukipanda Moshi kuna mtori, kuna ndizi nyama, mbege inazunguka, na bibi amekuwekea kuku tangu Oktoba. Kukataa chakula cha bibi mimi sikushauri. Utamuumiza, na bado utakula kwa mjomba. Kubali, sema "kidogo bibi, nitaongeza", kula taratibu awe anakuona unatafuna. Nenda na matunda ya kutosha nyumba nzima. Omba kazi: kata majani ya ng'ombe, chota maji, tembea kwa miguu kwenda kanisani. Kabla hujapanda basi, andika tarehe ya kurudi kwenye kipimo, tuseme 5 Januari, na usijipime kabla ya hapo. Na bia ya nusu lita ina kalori 200 hivi, nyama choma haijafika mezani.

## Watu watasema

Kupungua kwetu kunaulizwa maswali. "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" "Mumeo anakutesa?" Na kilo zikianza kurudi, watu haohao watakusifu: umenawiri, maisha yamekukubali. Sifa hiyo imewarudisha wengi kuliko maandazi.

Jibu fupi linatosha. "Shikamoo shangazi. Siumwi, nilikuwa na presha, nimepungua kwa kukusudia." Akiendelea, muulize habari za wajukuu. Usianze kueleza kalori. Mwenzi wako ndiye wa kukaa naye chini kwa kirefu, hasa kama alikupenda ulivyokuwa. Mwambie magoti yalivyokuwa yanauma, asisikie tu habari za nguo.

Na usiwe mwalimu mapema. Ukishaanza kufundisha dayati kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, siku utakayoongezeka kilo mbili utaogopa kuonekana, na kuomba msaada itakuwa aibu.

## Ukivuka mstari

Pima tena baada ya wiki moja. Ukiwa bado juu, fanya haya kwa wiki nne:

1. Siku saba za kwanza andika kila kinachoingia mdomoni, pamoja na kuonja. Usibadilishe kitu, andika tu. Mara nyingi mhalifu anaonekana siku ya tatu.
2. Ondoa vinywaji vya sukari na vya kukaanga.
3. Ugali au wali wa usiku uwe nusu ya ngumi, mboga iongezeke.
4. Ongeza dakika 20 hadi 30 za kutembea kwa siku.
5. Ile dayati kali ya mwanzo usiirudie. Ndiyo uliyoshindwa kuishi nayo.

Wiki nne zikipita bila mabadiliko, tazama usingizi, kisha tazama dawa. Baadhi ya dawa huongeza uzito: insulini, steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake. Usiache dawa mwenyewe. Muulize aliyekuandikia kama ipo nyingine.

Na kama zimerudi zote? Usianze kupunguza kesho. Kwanza zuia zisiongezeke, miezi miwili, kwa chungu kilekile na upawa uleule. Utakuwa umejifunza kutunza kabla ya kupungua, jambo ambalo mara tatu zilizopita hukulifanya.

## Dawa na kliniki

Waliopungua kwa sindano za semaglutide wajue hili kabla ya kuacha: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, walioacha sindano walirudisha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepunguza ndani ya mwaka mmoja. Usiache kwa sababu fedha imeisha bila kumwambia daktari. Mpange mapema utakula nini na utafuatiliwa vipi. Na usinunue ya mtandaoni isiyojulikana ilikotoka.

Wenye presha na kisukari, dozi iliyopangwa ukiwa na kilo 95 inaweza kuwa kubwa kwako ukiwa na 80. Kizunguzungu ukisimama ghafla kinaweza kuwa presha iliyoshuka mno. Kutetemeka, jasho jembamba na njaa ya ghafla kwa anayetumia insulini au glibenklamaidi kunaweza kuwa sukari kushuka: kunywa maji yenye sukari vijiko vitatu vya chai papo hapo, pima ukiweza, rudia baada ya dakika 15 kama hujapata nafuu, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Uende na daftari lako la uzito na dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, zikiwemo za mitishamba, na umtajie daktari tarehe ulipoanza kupungua na uzito uliokuwa nao siku dozi ilipopangwa.